Namna ya Kuihuisha Pwani ya Machimbo ya Makaa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye, kwa wadhifa wa serikali, au kwa ujirani, au kwa mapenzi ya ardhi tu, amejikuta na dhamana ya pwani iliyochimbwa makaa ya mawe pembeni mwake, ikatupiwa kifusi kwa miaka mingi, kisha ikaachwa katika hali hiyo siku migodi ilipofungwa. Sitasema kwa jumla. Nitaushika mfano mmoja ambao habari zake ni dhahiri na matokeo yake yanaonekana kwa macho, nao ni pwani ya Durham, kaskazini mashariki ya Uingereza, baina ya mji wa Seaham na mji wa Hartlepool. Na kila shauri nitakalolitoa nitalipima kwa mambo yaliyotendeka pale. Mwenye pwani nyingine atachukua linalomfaa, maana miamba hutofautiana na bahari hutofautiana, walakini kifusi cha makaa kikikutana na maji kina tabia moja kila mahali.

Fahamu kwanza madhara yalivyotokea. Makaa ya Durham yamelala chini ya tabaka nene la mawe ya chokaa yenye magnesi, na tabaka zake huendelea mbali chini ya sakafu ya Bahari ya Kaskazini. Kwa sababu hiyo migodi mikubwa ya karne ya 20, yaani Dawdon, Easington, Horden na Blackhall, ilijengwa karibu sana na ukingo wa magenge, na wachimbaji wakawa huenda maili kadhaa chini ya maji ya chumvi kuifuata kazi yao. Kila shehena ya makaa iliyopandishwa juu ilipanda pamoja na mawe, udongo na vumbi lisilokuwa na mnunuzi. Kwingineko taka hizo zilirundikwa zikawa vilima. Hapo, kwa kuwa bahari ilikuwa hatua chache tu na haikudai kodi, zilipelekwa ufukweni kwa mikanda na kwa ndoo za chuma zilizosafiri juu ya kamba nene, zikamwagwa ili mawimbi yazichukue. Mawimbi yalichukua kiasi cha nguvu zake, na kilichobaki kikajikusanya mwaka baada ya mwaka, hata mchanga ukafunikwa, ufukwe ukainuka na kusogea baharini, maji yakawa na weusi uliozuia nuru, na mwani na viumbe wote washikao mwamba wakafukiwa wakafa. Watu wa filamu ya Get Carter, iliyotoka mwaka 1971, walipotafuta mahali pa kumalizia kisa chao cha ukatili walikwenda Blackhall, wakapiga picha ndoo zile zikimwaga taka baharini, na hawakuwa na haja ya kuongeza chochote.

Mgodi wa Blackhall ulifungwa mwaka 1981, Horden 1987, Dawdon 1991, na Easington mwezi wa Mei 1993, na hapo umwagaji ukakoma. Kazi kubwa ya kutengeneza, iliyopewa jina la Turning the Tide, ilianza mwaka 1997 ikaisha mwaka 2002; iligharimu kiasi cha paundi milioni 10, ikaunganisha taasisi 14, na tani milioni 1.3 za kifusi zikaondolewa kwenye fukwe. Mwaka 2001 serikali iliipa pwani hiyo daraja ya pwani ya urithi, heshima ambayo miaka 10 nyuma isingetajwa mbele ya mtu mwenye akili timamu, na mwaka 2010 ikatunukiwa tuzo ya taifa ya mandhari.

Kazi yako ya mwanzo ni kukusanya habari, na kabla hujaimaliza usiruhusu tingatinga hata moja kupita lango. Tafuta ramani za mgodi, za zamani na za mwisho pamoja, kwa kuwa mashimo ya kushukia yaliyozibwa na kizazi kilichopita aghalabu hayamo katika ramani za kizazi hiki. Tafuta mahali palipokuwa na maghala ya mafuta, karakana, mitambo ya umeme, na majengo yaliyoezekwa kwa asbesto. Uliza gesi ya mgodi ilitolewa wapi na kwa bomba gani. Kisha waite wazee waliofanya kazi hapo, uketi nao kwa siku nyingi, na uende nao kwa miguu juu ya ardhi yenyewe, maana mzee akisimama mahali hukumbuka mambo ambayo asingeyakumbuka akiwa kitini. Yeye ndiye atakayekuambia kwamba shimo fulani lilijazwa kwa haraka kwa magogo na takataka, wala si kwa mawe, na kwamba kwenye kona ile palimwagwa mapipa usiku. Habari ya namna hiyo haipatikani ofisini.

Ulizia pia chemchemi zote, hata zile zilizokauka, na hasa zile zilizofunikwa. Kijijini Aberfan, nchi ya Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, kilima cha kifusi kilichorundikwa juu ya chemchemi kiliporomoka asubuhi, kikaifukia shule ya msingi na nyumba za jirani, wakafa watu 144, na 116 miongoni mwao walikuwa watoto. Chemchemi zile zilikuwa zimechorwa katika ramani, na wenyeji walikuwa wamelalamika kabla. Sheria ya usalama wa vilima vya kifusi ilitungwa Uingereza mwaka 1969, baada ya makaburi. Ikiwa katika eneo lako kipo kilima cha namna hiyo, kikubwa au kidogo, basi hicho kitangulie mambo yote mengine: kipimwe na mhandisi wa udongo, maji yake yatolewe kwa mifereji iliyochimbwa chini yake, mteremko wake ulazwe, na watu wanaokaa chini yake waambiwe kweli yote, hata kama kweli hiyo ni kwamba wahame kwa muda.

Baada ya hapo njoo kwenye maji yaliyo chini. Katika mawe ya kifusi na katika kuta za mgodi mna madini yaitwayo pairiti, ambayo ni chuma kilichoungana na salfa. Yakikaa gizani bila hewa hayana dhara, lakini yakiguswa na hewa na maji huzaa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha chuma na metali nyingine, na maji hayo yakitoka nje chuma hujitenga na kuwa tope la rangi ya kutu linaloviza kila kilicho hai chini ya mto au ufukweni. Huko Dawdon, kwenye ufukwe uitwao Blast Beach, ambao ulipata jina lake kwa tanuri za chuma za karne ya 19, palitokea madimbwi mekundu juu ya kifusi cheusi, wala huhitaji mtaalamu wa kemia kukuambia maana yake. Siku ambayo pampu za mgodi huzimwa, maji huanza kupanda polepole ndani ya mashimo, na kupanda huko huchukua miaka, hata watu wakadhani kwamba hatari imepita. Tena migodi ya jirani aghalabu imeunganika chini kwa chini, basi maji ya mmoja hutokea kwa mwingine.

Pwani ya Durham ilikuwa na hofu ya pekee, nayo ni kwamba yale mawe ya chokaa yaliyo juu ya makaa ndiyo yanayohifadhi maji ya kunywa ya watu, na maji ya mgodi kama yangeachwa yapande yangeingia humo. Ikabidi pampu zirudishwe, Horden kwanza na Dawdon baadaye, kuyashusha maji yasifike kwenye chokaa, na kuyasafisha kabla ya kuyaachia baharini: maji hutiwa hewa ili chuma kishike umbo la tope, huongezwa chokaa panapohitajika, hutuamishwa katika mabwawa, na penye nafasi ya kutosha hupitishwa kwenye matete ambayo hunasa kilichosalia. Chagua njia ya mabwawa na matete kila utakapoweza, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na haihitaji dawa za kununuliwa kila mwezi. Lakini maji yakiwa mengi sana au machungu sana, kama yalivyo ya Dawdon, mtambo wa chokaa hauepukiki. Jambo la kuzingatia ni kuwa pampu hizo hazina siku ya kuzimwa. Andika katika hesabu zako gharama ya miaka yote ijayo, wala usimwache mtu yeyote, waziri au mfadhili, aitaje kazi hii kama kitu kinachokwisha kwa sherehe ya kukata utepe. Faraja moja ipo: maji yatokayo vilindini huwa na uvuguvugu, na huko Seaham umetengenezwa mpango wa kuutumia uvuguvugu huo wa maji ya Dawdon kupashia joto nyumba mpya za watu.

Sasa tuushukie ufukwe wenyewe, na hapa nitakawia, maana hapa ndipo watu wema hutenda makosa makubwa kwa haraka ya wema wao. Mtu aonapo pwani nyeusi moyo wake humtuma aikombe yote mpaka mchanga uonekane. Usifanye hivyo. Gawanya kifusi chako mafungu mawili kwa kipimo cha maji: kile kilicho juu ya mstari wa bamvua, ambacho bahari haikifikii ila kwa dhoruba, pamoja na zege, nguzo za mikanda, mabomba na vyuma vyote, na kile kilicho chini ya mstari huo, ambacho mawimbi hukigusa kila siku. Fungu la kwanza ni kazi yako. Liondoe lote, wala usihurumie gharama, kwa kuwa bahari haitaliondoa katika umri wa wajukuu zako, na kila mvua itateremsha kutoka humo tindikali na vumbi. Fungu la pili, kwa sehemu kubwa, liachie bahari.

Sababu zake ni nne. Ya kwanza, mashine zitakazolichimba zitavuruga tope jepesi, na tope hilo litawafukia viumbe ambao wameanza kurudi kwenye mwamba. Ya pili, tani zote hizo zitahitaji mahali pengine pa kuwekwa, na kila lori litapita mbele ya nyumba za watu walewale waliokwisha kula vumbi la mgodi maisha yao yote. Ya tatu, kifusi kilichojikusanya miguuni mwa genge kimekuwa kinga ya genge hilo. Kikiondolewa kwa mkupuo mmoja, mawimbi yataupiga mwamba na udongo ulio juu yake kwa ghafla, na maporomoko yatakayofuata yatachukua mashamba na njia. Ya nne, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni kwamba bahari ilikwisha anza kazi hiyo na inaifanya vizuri: tangu umwagaji ukome mwaka 1993, mawimbi ya Durham yamekuwa yakimega jukwaa la kifusi kila majira ya baridi, yakichambua jepesi na zito, yakirudisha kokoto na mchanga, na mahali pengi palipokuwa peusi kabisa watoto sasa huokota vioo vilivyolainishwa na maji. Kazi hiyo haijaisha. Mgeni bado ataona tabaka za kijivu na nyeusi juu ya ufukwe, na matofali, na vipande vya vyuma, na ni vema ajulishwe mapema kwamba mwanadamu alimwaga kwa karibu karne nzima, basi hawezi kudai bahari imalize kwa miaka michache.

Kabla ya kuondoa hata fungu la kwanza, chunguza mkondo. Katika pwani hiyo mchanga na kifusi husukumwa kuelekea kusini, na ndiyo maana fukwe ambazo hazikuwa na mgodi wowote ziliharibika kwa kosa la majirani wa kaskazini. Basi pima fukwe za chini ya mkondo kabla hujaanza, uandike hali yake na kuzipiga picha, ili lolote litakalozifikia lijulikane. Na anza kazi yako upande ule mkondo unakotoka, ili usije ukasafisha mahali leo na kesho pakachafuliwa na mahali ulipokuwa hujafika. Panga siku za mashine kwa jedwali la maji kupwa na kujaa: siku za maji mafu fanya kazi ya juu, na kazi ya ukingoni ifanye kwenye kupwa kwa bamvua, uwe umetoa kila mtu na kila gari mapema, maana chini ya magenge hakuna pa kukimbilia. Kifusi unachokiondoa kirudishe penye uwanja wa mgodi wa zamani, juu ya usawa wa maji ya ardhini, ukishindilie tabaka kwa tabaka ili hewa isipate nafasi, ukifunike kwa udongo wa mfinyanzi, na juu yake uweke mteremko mdogo wa kuondosha mvua. Hewa na maji vikizuiwa, pairiti italala usingizi.

Juu ya magenge shauri langu litawashangaza wakulima. Usilete udongo wenye rutuba. Usitie mbolea. Nyasi za asili za pwani hiyo, ambazo ni adimu kwa kuwa miamba ya chokaa ya magnesi inayokutana na bahari ni adimu katika Uingereza nzima, huota juu ya ardhi nyembamba na maskini. Hapo okidi, maua ya kila rangi na nyasi fupi hukaa pamoja kwa amani kwa sababu hakuna mmea mmoja unaopata chakula cha kutosha kuwatawala wenziwe. Ardhi ikinenepeshwa, majani makubwa ya malisho hushika nafasi yote, na maua hupotea katika miaka michache. Kwa hiyo penye kifusi kilichofunikwa tandaza vipande vya mawe ya chokaa kutoka machimbo ya karibu, ambavyo hupoza tindikali na wakati huohuo huwa ndio udongo wenyewe utakiwao. Ardhi iliyogandamizwa na magari ichanwe kwa meno ya chuma kabla ya kupanda, ukifuata usawa wa mlima wala si mteremko, ili mvua izame badala ya kukimbia.

Mbegu zichukue kwa jirani. Mwisho wa kiangazi, maua yanapokuwa yamekomaa, kata majani ya uwanda uliosalimika, uyachukue siku hiyohiyo yakiwa mabichi, uyatandaze kwenye ardhi mpya, nayo yatadondosha mbegu zake yenyewe. Ukinunua mbegu za dukani utaleta ukoo wa mbali ambao haukuzoea chumvi wala upepo wa pale. Mwaka wa kwanza magugu yatakuwa mengi na watu watakulaumu. Kata tu, uyatoe uliyoyakata, kwa kuwa majani yakiachwa yaoze huwa mbolea. Baadaye ingiza ng'ombe au kondoo wachache katika majira ya kupukutika majani na ya baridi, uwatoe kabla maua hayajaanza, na idadi yao iamuliwe kwa kuyatazama majani, wala si kwa mkataba uliotiwa sahihi miaka mitano nyuma. Mashamba ya ngano na shayiri ambayo huko Durham yalikuwa yamelimwa mpaka ukingo wa genge yalirudishwa kwa mapatano kuwa nyasi, na hilo nalihesabu kuwa la faida kuliko hata kuondolewa kwa kifusi, maana liliunganisha vipande vya uwanda vilivyokuwa vimetengana. Yuko kipepeo mdogo wa rangi ya udongo, wenyeji humwita Durham Argus, ambaye kiwavi wake hula mmea mmoja tu, mmea mfupi utambaao wenye maua ya manjano uitwao Helianthemum. Kipepeo huyo harukii mbali, basi kipande cha nyasi kilichozungukwa na mashamba ni kwake kisiwa kisicho na chombo.

Kwa upande wa ndege sina maneno mengi, kwani kanuni ni nyepesi na ugumu uko katika kuishika. Buabua wadogo walikuwa wakifika Crimdon, ufukwe mmoja wa pwani hiyo, mwezi wa Mei baada ya kukaa majira ya baridi kwenye pwani za Afrika ya Magharibi, na hutaga mayai yao wazi juu ya kokoto, hatua chache tu juu ya maji ya kujaa, yakiwa na madoa yanayofanana na kokoto zenyewe. Mtu mmoja na mbwa wake, bila nia mbaya yoyote, wanaweza kuharibu mwaka mzima wa ndege hao. Zungusha uzio mwezi wa Aprili, weka walinzi mchana na usiku mpaka mwezi wa Agosti, simamisha kazi zote za mashine katika muda huo, na uziache sehemu nyingine za ufukwe zinazofanana na hapo katika utulivu pia, maana ndege hao mwaka 2019 walihamia Seaton Carew, upande wa kusini, na kama pasingekuwa na mahali pa kuhamia wangekwenda wapi?

Nimewaacha watu mpaka sasa, si kwa kuwa ndio wa mwisho katika kazi yako. Easington ulipofungwa watu wapatao 1,400 walipoteza kazi, katika mji ambao haukuwa na kazi nyingine yoyote ya kiasi hicho, na fedha za maua na njia za kutembelea zilipoanza kuja miaka michache baadaye, walikuwapo waliouliza, kwa haki kabisa, kwa nini nyasi zipate waliyonyimwa wanadamu. Huna jawabu litakalowaridhisha wote. Unaloweza ni kuwaajiri: dereva wa mashine, mjenzi wa uzio, mlinzi wa ndege, mpimaji wa maji, kila nafasi itangazwe kwanza pale pale, na anayejua mgodi apewe mshahara kwa ujuzi huo wala asiombwe kwa hisani. Na alama ya kazi yao isifutwe. Tarehe 29 Mei 1951 mlipuko ndani ya mgodi wa Easington uliua wachimbaji 81 na waokoaji 2, na leo juu ya uwanja ule wa mgodi uliokuwa mweusi, katikati ya nyasi, limesimamishwa lile sanduku la chuma ambalo wachimbaji walishukia shimoni. Atakayekushauri ukiondoe kitu cha namna hiyo ili mandhari ipendeze, usimsikilize.

Kuhusu fedha, jihadhari na ardhi ya bei rahisi. Mwaka 1988 shirika la National Trust lilinunua maili moja ya pwani ya Horden kwa paundi moja tu, nayo ikawa maili ya 500 katika juhudi zake za kuokoa fukwe. Ununuzi huo ulikuwa wa busara kwa shirika lenye mfuko na subira, lakini wewe ukipewa ardhi ya mgodi kwa paundi moja au kwa shilingi moja, soma mkataba kwa makini ujue ni nani atakayebeba mashimo, maji na vilima vilivyomo. Gharama ya Durham ilibebwa na umma, na sehemu kubwa ilitoka katika fedha za bahati nasibu ya taifa kupitia Tume ya Milenia, miaka mingi baada ya faida ya makaa kugawanywa na kuliwa. Hapa nawageukia wasomaji wa Afrika Mashariki, ambao bado wana nafasi ya kuweka sharti mapema. Makaa ya Kiwira yako karibu na ncha ya Ziwa Nyasa, na ziwa lina fukwe zake na wavuvi wake; makaa ya Ngaka, mkoani Ruvuma, husafirishwa kwa malori hadi bandari ya Mtwara, na rundo la makaa bandarini hutoa vumbi na maji machafu kama rundo la mgodini; na huko Lamu, kiwanda cha umeme wa makaa kilichokusudiwa kujengwa ufukweni kilinyang'anywa leseni na baraza la mazingira la Kenya tarehe 26 Juni 2019, baada ya wananchi kuonyesha kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Panapochimbwa au kurundikwa makaa, fedha za kutengeneza ardhi ziwekwe amana kabla shehena ya kwanza haijatoka, mikononi mwa mtu asiyekuwa mchimbaji, na ziongezwe kila mwaka kwa kadiri ya kifusi kinachoongezeka. Kampuni hufa; kifusi hubaki.

Njia za watembeao zipange mwisho, ukijua genge litakwenda wapi. Kwa kuwa jukwaa la kifusi linamegwa, magenge yaliyokuwa yamestarehe kwa vizazi yanaanza tena kupigwa na mawimbi. Basi pima kila mwaka umbali kutoka ukingo hadi vigingi vilivyopigwa ndani, uitafute kasi ya kuporomoka, uizidishe kwa miaka 50, uongeze nusu yake kwa tahadhari, na hapo ndipo uweke njia, na maegesho ya magari yawe mbali zaidi. Madaraja ya mabondeni yawe ya mbao, mepesi, yanayoweza kufunguliwa na kusogezwa.

Vigingi hivyohivyo vitumie kwa picha: simama mahali palepale, elekea upande uleule, mara mbili kwa mwaka, kabla na baada ya majira ya dhoruba, na nakala moja ya picha na vipimo vyote iwekwe nje ya ofisi yako, kwa kuwa ofisi hufungwa na makaratasi hutupwa. Maji yatokayo mabwawani yapimwe chuma na tindikali kila juma katika miaka ya mwanzo, na kila mwezi baadaye. Na kwa kuwa bahari itaendelea kufukua yale yaliyozikwa, mfundishe kila mlinzi na kila mwalimu anayeleta watoto ufukweni la kufanya akiona pipa, au bomba, au kitu cheupe chenye nyuzi kama asbesto kikichomoza kifusini baada ya dhoruba: asikiguse, asimame upande unakotoka upepo, aweke kijiti chenye kitambaa chekundu juu ya mstari wa maji, aandike saa na hali ya maji, na atoe taarifa kabla bamvua nyingine haijakichukua.